Kapteni wa Shosho Nkatha

Jumatatu, wiki ya mwisho ya Mei. Saa kumi na moja jioni. Mawingu yote yamesogea upande wa mlima na huku kwetu Mitunguu jua limeachiwa uwanja peke yake. Mvua imekwisha. Niko mezani, mbele yangu kuna chupa ya uji ambayo sijaifungua.

Nina jambo la kuungama. Sitaki kulizungusha, lakini halitaeleweka bila kuanza na maji.

Laini yetu ya maji ina nyumba kumi na mbili na bomba moja. Kiangazi kikianza, kila nyumba hupewa saa mbili kwa siku za kufungua koki na kunyunyizia migomba yake. Anayepata zamu ya asubuhi hana shida duniani. Anayepata zamu ya saa nane usiku anatoka kitandani na tochi, anahamisha mabomba kwenye tope huku akihofia nyoka, na mara nyingi watu wa juu wamefungua koki zao kwa siri, kwa hivyo maji yanamfikia kidogo kidogo. Ukikosa zamu yako mara tatu, kamati inampa mtu mwingine zamu hiyo. Hiyo sheria si ya kutishia watoto. Imeshawahi kumkuta mtu, na shamba lake sasa ni la mahindi ya kubahatisha.

Zamani tulikuwa tunagawana zamu kwa kuokota karatasi kwenye kofia. Mwaka jana, mwezi wa nane, mimi mwalimu wa hesabu nikasimama kwenye mkutano nikasema kofia ni upuzi. Nikapendekeza tutumie fantasy. Kila nyumba iunde timu yake kwenye simu, ichague wachezaji wa ligi ya Uingereza, na wale wachezaji wakifunga kule uwanjani, nyumba inapata pointi. Mei ikifika, wa kwanza anachagua zamu anayotaka, wa pili anafuata, hadi yule wa mwisho anayebaki na saa nane usiku. Nilisema ni njia ya haki kwa sababu inatumia akili.

Nilijua nitashinda. Ndiyo maana nilipendekeza.

Mutwiri, mwenyekiti wetu, anayeuza mbolea na dawa za mifugo pale sokoni, alicheka akakubali. Wazee nao wakakubali kwa sababu wana vijana nyumbani wa kuwachezea. Shosho Nkatha pekee hakuwa na mtu. Shamba lake linapakana na langu, miaka yake ni sabini na kitu, na mwanawe Kinoti yuko Kiambere, huko Embu, na humwona mamake Krismasi kwa Krismasi. Simu yake ni kabambe, ya kupiga na kupokea tu. Nikainua mkono nikasema, "Shosho nitamshikia timu mimi." Watu wakanipigia makofi.

Basi msimu mzima nimekuwa na timu mbili kwenye simu moja. Yangu inaitwa Hesabu FC. Yake aliiita Kinoti.

Mwezi wa kumi nilikuwa naongoza. Niliringa, nakiri. Nilikuwa naweka jedwali kwenye grupu ya laini kila Jumatatu kabla mtu hajaliulizia. Halafu Desemba ikaja, wachezaji wangu watatu wakaumia wiki moja, nikapandwa na hasira nikabadilisha karibu timu nzima. Wale niliowatoa wakaanza kufunga kama wamelishwa kitu. Kuna Jumamosi nilimweka beki mmoja benchi akafunga mabao mawili, na pointi za mtu wa benchi hazihesabiwi. Nilitupa simu kwenye kochi. Makena, mke wangu, akaniuliza, "Hiyo simu ndiyo ilimweka benchi?"

Kila baada ya wiki mbili hivi niliporomoka nafasi moja. Na kadiri nilivyoporomoka ndivyo nilivyozidi kubadilisha.

Shosho yeye hakubadilisha karibu chochote. Alikuwa anasikiliza mpira redioni, halafu Jumamosi tukikutana kwenye koki namsomea majina ya timu yake. Majina yenyewe yalimshinda ulimi, akawapa ya kwetu. Kiungo mmoja mkongwe, kapteni wake, alimwita Mzee. Mshambuliaji mmoja kijana alimwita Kirimi, kwa sababu anafanya kazi kama mtu wa kulima. Aliwapima jinsi anavyowapima vibarua. Mchezaji akisikika analalamikia refa, alikuwa ananiambia, "Huyo ni wa kulaumu jembe. Mtoe." Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nawasimulia walimu wenzangu, wanacheka pia.

Jana, siku ya mwisho ya ligi ilipofika, Shosho alikuwa wa kumi na moja. Wa kumi na mbili nilikuwa mimi. Alinizidi pointi nne.

Mwalimu wa hesabu, anaburuta mkia nyuma ya nyanya ambaye hajawahi kutazama mechi hata moja.

Tulipotoka kanisani alinisimamisha pale kwenye koki. Alikuwa bado amevaa kitambaa chake cheupe cha chama cha akina mama.

"Mwalimu, leo toa Mzee kwa kapteni. Weka Kirimi."

Kapteni pointi zake huhesabiwa mara mbili. Ni uamuzi mkubwa kuliko wote wa wiki. Na Kirimi alikuwa ametoka tu kwenye jeraha. Mimi mwenyewe nilikuwa naye kwenye timu yangu, na nilikuwa nimemweka benchi.

"Shosho, huyo amekaa nje wiki tatu," nikamwambia.

"Ndiyo hiyo nakuambia. Mtu akikaa wiki tatu bila kazi, siku ile anapewa jembe, analima hadi kwa jirani. Huyo kijana ako na njaa. Wewe weka tu."

Nikasema sawa, nitaweka.

Nilikaa kwenye kiti hiki hiki. Mabadiliko yalikuwa yafungwe saa kumi na nusu. Nilianza na timu yangu, nikayarudia yale maneno yake kichwani, na kwa mara ya kwanza msimu huu sikucheka. Nikamtoa Kirimi benchi. Nikampa ukapteni. Kwangu.

Kisha nikafungua timu ya Shosho. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na mbili. Mzee alikuwa pale na alama yake ya kapteni. Kazi iliyobaki ilikuwa kugusa mara mbili, na kidole kilikuwa tayari juu ya kioo. Nikaanza kujieleza mwenyewe. Kwamba Mzee ni mchezaji wa kutegemewa. Kwamba tukiweka kapteni mmoja hatutaachana, zile pointi nne zitabaki palepale, na nitakuwa nimejishinda kwa mkono wangu. Kwamba nina kipindi cha kwanza kila asubuhi na siwezi kufundisha baada ya kukesha kwenye tope. Kwamba Shosho hataona, hana hata pa kuonea.

Makena aliuliza kutoka nje, alikokuwa anaanua nguo, "Baba Kendi, umemwekea Shosho?"

"Ndio," nikasema.

Saa kumi na nusu ikafika, ukurasa ukajifunga.

Mtandao haukuwa na shida. Simu ilikuwa na chaji. Sikusahau.

Mechi zote zilianza saa kumi na mbili. Kirimi alifunga la kwanza mapema na nikaruka, nikamtisha paka. Akafunga la pili kabla ya mapumziko. Nilishangilia pia, lakini sauti yangu niliisikia ikiwa ya mtu mwingine. Alipofunga la tatu nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi. Pointi kumi na saba, mara mbili. Mzee alipata pointi zake mbili za kuingia uwanjani akatolewa.

Jedwali likatoka. Mimi wa kumi na moja, Shosho wa kumi na mbili. Nimempita kwa pointi sita. Ningemwekea Kirimi, angenipita yeye kwa tisa. Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko hesabu yoyote niliyowahi kumfundisha mtu, na jibu halibadiliki.

Leo asubuhi, kabla sijaenda shule, nikasikia mtu ananiita na kunisalimu kwa Kimeru kwenye ua.

"Mwalimu! Muga!"

Alikuwa Shosho, na kichane cha ndizi zilizoiva amekifunga kwa jani. Uso mzima ulikuwa unacheka.

"Nimesikia redio. Tatu! Kirimi amefunga tatu! Nilikuambia ama sikukuambia?"

"Uliniambia, Shosho."

"Hii ni yako, ya kazi. Wewe ndiye macho yangu kwa hiyo simu." Akanipitishia ndizi juu ya ua. Halafu akaacha kucheka, akainamisha kichwa kidogo jinsi watu wanavyofanya matangani. "Sasa pole. Najua hii inamaanisha wewe ndiye umebaki nyuma. Nimewaza usiku. Hiyo maji ya saa nane ni baridi. Nitakuwa nakupikia uji jioni, nakuachia kwa chupa pale kwa koki. Usifanye kazi na njaa."

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu, na ua katikati. Nilisema, "Asante, Shosho." Nikaenda shule na zile ndizi kwenye mkoba.

Saa nne, wakati wa chai, Mutwiri akaweka orodha ya zamu kwenye grupu. Zinaanza usiku wa leo. Mimi nilibakiwa na ya jioni, ambayo wengi huikwepa kwa sababu maji huwa hafifu watu wakiteka ya kupikia. Saa nane hadi saa kumi: Shosho Nkatha. Hakuna aliyeuliza lolote. Haki ni haki, mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo.

Nikamwona kichwani, na tochi na lile goti lake bovu, akiburuta mabomba. Nikamwona akikosa mara moja, mara mbili, mara tatu. Nikaandika haraka: "Shosho achukue zamu yangu ya jioni. Ya saa nane nitaenda mimi."

Nilidhani kifua kitafunguka. Badala yake zikaanza kuingia sifa. Makofi, mikono ya kuomba, mioyo ya rangi zote. "Mwalimu, wewe ni mtu wa Mungu." "Watu kama hawa wamebaki wachache." Mutwiri akaandika, "Kwa hii, nimekusamehea hata ile maneno ya kofia." Makena naye akanipigia simu shuleni, jambo ambalo hafanyi, kuniambia anajivunia.

Hapo ndipo nilipoisukuma kando chai yangu.

Kwa maana sasa naweza kunyamaza. Mambo yamejipanga vizuri ajabu: Shosho ana zamu ya jioni, mimi nina ya usiku, yaani mahali palepale tungekuwa kama ningemwekea kapteni wake. Maji hayajapotea. Migomba yake haitakauka. Kila mtu ameridhika, na mimi nimetoka mwizi nikaingia mtakatifu kwa ujumbe mmoja. Lakini wakati wowote mtu anaweza kumwambia, pale sokoni au kanisani, "Shosho, ulikuwa wa mwisho, Mwalimu akakuokoa." Na Shosho ana akili. Atauliza, nilikuwaje wa mwisho na Kirimi alifunga tatu? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu haifiki hata sokoni.

Hata asipoambiwa na mtu, najua mimi. Najua nilimcheka msimu mzima, na siku niliyomwamini nilimnyang'anya.

Niliporudi kutoka shule, nilipita kwenye koki. Chupa ilikuwa pale juu ya jiwe, imefungwa kwa leso ili isipoteze joto. Saa nane usiku bado mbali, lakini yeye hulala mapema, kwa hivyo alileta mapema. Nimeibeba hadi hapa mezani. Sijaifungua.

Nimemwambia Makena. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Amenitazama, kisha akauliza, "Kwa hivyo ile 'ndio' yako ya jana ilikuwa nini?" Akaniambia niende kabla Shosho hajafunga kuku.

Mutwiri husoma hii blogu, na wengine watatu wa laini, kwa hivyo nikiichapisha nitakuwa nimewaambia wote. Ila sitaki Shosho awe wa mwisho mara ya pili. Naenda kwanza kwake. Nikirudi ndipo nitachapisha. Ukiwa unasoma maneno haya, ujue ameshasikia kutoka kwa mdomo wangu.

Sijui atasema nini. Labda atanifukuza na fimbo, na nitaipokea. Labda atanyamaza tu, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Mwakani turudi kwa kofia, nitapendekeza mwenyewe, nisimame palepale niliposimama.

Naondoka na chupa ikiwa imejaa, na leso yake juu. Nitamkabidhi mkononi kabla sijafungua mdomo. Huo uji alimpikia mtu aliyemwekea Kirimi kapteni, na mtu huyo hakuwepo.

Usiku wa leo zamu ni yangu, niwe na uji au nisiwe nao.