Shahidi wa Ubatizo Wangu ni Baba Ninayemkwepa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijasema uongo kanisani, maana nimefika mahali ambapo kila ninapogeukia kuna mtu nitamuumiza. Mimi ni fundi umeme, nina mke na mtoto mmoja, nimelelewa katika nyumba ya dini kali kwelikweli, baba yangu ni fundi viatu na pia ndiye mzee wa kanisa letu dogo, kwetu redio ilikuwa marufuku, ngoma na gitaa marufuku, hereni usiseme, na Jumamosi hatukuwasha hata jiko, tulikula chakula kilichopoa kilichopikwa Ijumaa, na hebu fikiria, mtoto wa nyumba isiyo na redio ndiye akaja kuwa fundi umeme.

Usidhani nilichukia. Ijumaa jioni baba alivipanga viatu vyetu vyote sebuleni, vya marehemu mama, vya dada zangu, vyangu, akavipiga rangi kimoja kimoja huku akiimba kwa sauti ya chini, nasi tukimwitikia kutoka uani tulikokuwa tukigombania zamu ya kuoga, na mpaka leo nikisikia harufu ya rangi ya viatu popote pale, nakumbuka nyumbani hadi nasimama njiani.

Mwaka juzi niliitwa kutengeneza nyaya kwenye dari la kanisa Katoliki, nikiwa juu ya ngazi misa ya mchana ikaanza, nikaona aibu kushuka kwa kishindo, nikatulia hukohuko juu na koleo mkononi, chini walikuwa watu wachache tu, hakuna aliyekemewa, wakapiga magoti wakanyamaza, na ule ukimya, mshauri, ukaniingia. Kesho yake nikarudi ingawa taa zote zilikuwa zinawaka. Sasa nimemaliza mafundisho, nataka kupokelewa, na moyo wangu umetulia kabisa juu ya hilo.

Tatizo ni padri aliponiuliza kama nimebatizwa. Nikamwambia ndiyo, nilizamishwa kwenye bwawa nyuma ya kiwanda cha matofali. Akasema, "Kama ilikuwa kwa maji, na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, basi umebatizwa, hatukubatizi tena. Wewe niletee shahidi aliyeona." Kwetu hawatoi vyeti. Na aliyenizamisha ni baba mwenyewe, nakumbuka alivyonishika shingo kwa nyuma, maji yalikuwa ya baridi na mimi natetemeka, akaninong'oneza, "Fumba mdomo, mwanangu, nimekushika."

Mwingine aliyekuwepo na bado yu hai ni shangazi, aliyenisubiri ukingoni na taulo. Sasa nitaendaje kwa baba, ambaye maisha yake yote amehubiri kwamba Wakatoliki wanaabudu sanamu, nimwombe anishuhudie ili nimwache? Yeye hajui lolote, anadhani bado nasali Jumamosi huku ninakoishi. Fundi mwenzangu ananiambia, "Wee, sema hukubatizwa, wakumwagie maji, yaishe. Nani atajua?" Nami nakaribia kumsikiliza. Nifanye nini?

Fundi wa Juu ya Ngazi

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya zile Ijumaa jioni tu. Nyumba iliyokulea hivyo ina haki ya kukusimamisha njiani.

Pole yangu inaishia hapo. Mtu mzima mwenye mke na mtoto, unamkwepa mzee wako kama mwanafunzi mtoro! Na huyo fundi mwenzako mwache ashughulike na nyaya, mambo ya watu na wazazi wao hayawezi. Njia ya mwongo ni fupi. Ukisema hukubatizwa, hutakuwa umemdanganya padri peke yake. Utakuwa umesema kwamba siku ile bwawani baba yako alikulowesha tu.

Halafu nadhani hukumsikia padri vizuri. Baba yako amewasema vibaya watu hao miaka yote, nao wanasema alichokifanya kwa mikono yake ni halali, hawathubutu kukirudia. Hiyo ndiyo habari ya kumpelekea. Usitegemee atachekelea. Atafoka, au atalia, pengine vyote viwili, na ana haki, kwa sababu anakupenda na anaamini anayoyahubiri.

Basi nenda siku ya kawaida, Jumamosi mwachie. Nenda peke yako, usimtangulize shangazi akupoozee mambo. Mwamkie, mwache amalize kazi aliyoishika, kisha mwambie kwa kinywa chako kabla hajaambiwa na majirani. Maneno yawe machache. Usibishane naye Maandiko, atakushinda. Mshukuru kwa malezi, halafu mwombe huo ushahidi. Akikataa usimlazimishe, hapo ndipo uende kwa shangazi, na umwambie baba waziwazi kwamba unakwenda huko.

Akikufukuza, ondoka kwa adabu, na wiki inayofuata rudi umjulie hali. Akikufungia mlango tena, rudi tena. Kanisa unaweza kuhama, mwanangu. Baba hahamwi.