Nilirukia Mpira Wako, Fardosa

Fardosa, abaayo, dada yangu,

Assalamu alaykum. Mwenyezi Mungu akurehemu, akupanulie kaburi lako.

Nakuandikia kwa Kiswahili, usinicheke. Kisomali ni cha nyumbani, na mimi na wewe hatukuwahi kuishi nyumba moja. Sisi tuliishi shuleni, kwenye uwanja wa mpira wa wavu, na pale tulisema Kiswahili ili Mwalimu Nduku na wenzetu wa Kiborana na Kikamba watuelewe. Kiswahili chako kilikuwa kibovu, abaayo. "Hodan, mbira iko sawa. Wewe ndio iko na haraka." Ningetoa chochote leo nikusikie ukiharibu ngeli tena.

Ile mvua ya mwisho wa mwaka ilitukuta likizoni, wewe kwenu Modogashe, mimi kwetu Waberi, hapa Garissa. Huku tuliona mto Tana ukitapika, mizoga ya mbuzi ikielea, kisha tukaanza kusikia kuwa homa ya mifugo imehamia kwa watu. Shule ilipofunguliwa tulikuwa wachache, barabara zimekatika kila upande. Sikuwa na wasiwasi. Nilijua umekwama tu. Nilikutandikia kitanda chako, nikakuwekea shuka upande wa dirisha unaoupenda.

Mwalimu Nduku aliniita nyuma ya bwalo, akanishika mabega. Akaniambia lori lililokuwa likikuleta hospitali kwa homa ile lilizama kwenye matope, na kwamba ulikata roho humo njiani, kichwa chako kikiwa pajani mwa mama yako. Unajua nilimjibu nini? Nilimwuliza, "Jioni kuna mazoezi?" Sijui kwa nini. Alinitazama, akasema, "Ukitaka, yapo."

Nilitaka. Nilivaa suruali, nikabana hijabu, nikaenda. Mahali pako wavuni, pa kutuinulia mpira tuupige, alisimama Maryan, yule mrefu wa kidato cha pili. Mpira ukapokewa, nikaanza kukimbia kama siku zote, nikaruka. Mkono wangu ukapiga hewa. Nilikuwa nimeshatua chini ndipo mpira wa Maryan ukafika pale nilipokuwa. Tukarudia. Hewa tena. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi, na hapo ndipo nililia, Fardosa. Mwalimu alipotamka kifo chako sikulia. Nililia mwili wangu ulipokukosa.

Maana mimi sikuwa nautazama mpira wako. Nilikuwa nauamini. Niliruka kabla hujaugusa, nikijua nitaukuta juu ukinisubiri. Wewe ndiwe uliyekuwa ukitazama kwa ajili yetu sote. Ulinifundisha siku ile tulipokuwa tukimwagia uwanja maji ili vumbi litulie: mpira ukipokewa vizuri hutoa mlio mkavu, ukipokewa vibaya mlio wake huwa mnene kama kofi kwenye godoro. Wewe ulianza kukimbia kwa huo mlio. Sisi tulipoinua macho kuutafuta mpira, ulikuwa umeshafika chini yake, na macho yako wala hayakuwa juu. Yalikuwa ng'ambo ya wavu, kwenye miguu ya wazuiaji.

"Usiangalia sura," ulisema. "Sura inadanganya. Miguu haijui kudanganya." Mzuiaji akielemea kisigino cha kushoto, ulipeleka mpira kushoto kwake, kwa kuwa huko hawezi kwenda upesi. Yote hayo uliyafanya mpira ukiwa bado angani. Nilidhani ni uchawi. Ukaniapia ni kusikiliza tu.

Siku moja nilikukasirikia. Ulininyima mpira, ukampa mwenzetu Guyatu, tena tukiwa karibu kushinda. Nikakupigia kelele mbele ya watu: "Mbona hukunipa? Niliruka!" Ukanijibu taratibu, "Nilisikia biatu yako. Mguu yako ilisema imechoka." Na kweli, Fardosa, mguu ulikuwa umekufa ganzi. Sikuwa nimemwambia mtu.

Nani atanisikiliza viatu sasa?

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Maryan alijilaumu. Alidhani hajui kitu, maskini, akawa akinipa mpira huku akiniomba radhi. Mwalimu Nduku akanitoa uwanjani, akaniweka benchi. "Huyo si Fardosa," aliniambia. "Hatakuwa Fardosa. Mtazame yeye alivyo." Nilimchukia kwa hilo neno. Lakini benchi haina kazi nyingine, kwa hiyo nilimtazama. Nikaona Maryan huvuta pumzi kabla ya kuinua mpira. Wewe hukuvuta. Nikaona bega lake la kulia hushuka anapotaka kuupeleka mbali, na kwamba mpira wake huenda juu zaidi ya wako, unachelewa, ni kama mgeni anayepiga hodi mara mbili kabla ya kuingia. Basi nikaanza kujizuia. Nilisimama pale nilipozoea kuanza kukimbia, nikang'ata meno, nikangoja ile pumzi yake, ndipo nikaondoka. Ilikuwa kama kujifunza kutembea baada ya kuvunjika mguu. Kila nilipongoja nilihisi nakusaliti.

Mashindano ya mkoa yalifanyika hapa kwetu, jua la Garissa likiwaka kichwani. Fainali tulikutana na wasichana wa Wajir. Ulikuwa ukiwaogopa, usikatae. Seti ya mwisho ilikuwa sare, watazamaji wamesimama, hata wale wazee waliosema wasichana hawaruki mbele za watu. Mpira ukapokewa vibaya, mlio mnene. Maryan akaufuata akijikwaa. Sikufikiri. Nilisikia pumzi yake, miguu yangu ikaondoka yenyewe, nikaruka, na mpira ukawa pale. Nikaupiga. Ukadunda kati ya wachezaji wao wawili wa nyuma, wakatazamana.

Tulishinda, abaayo. Walinibeba. Na mimi juu ya mabega yao nikaelewa kilichotokea. Mwili wangu ulikuwa umeacha kukungoja. Nimekuzika mara mbili, Fardosa. Modogashe walikuzika mimi nikiwa sipo, na uwanjani nikakuzika mwenyewe, watu wakinipigia vigelegele.

Juzi mama yako alikuja kuchukua sanduku lako. Barabara imekauka sasa, malori yanapita. Nilimsaidia kukunja nguo zako. Alipomaliza akaomba aonyeshwe mahali ulipokuwa ukichezea. Nikampeleka. Alisimama kando ya mstari, hakuukanyaga, akaniuliza kwa Kisomali, "Alikuwa akifunga sana?"

Nikamwambia, "Hapana, hooyo, mama yangu. Hakufunga ila mara chache sana. Alikuwa akitupa sisi mpira tufunge."

Akafikiri kidogo. "Basi watu walikuwa wakimshangilia nani?"

Walitushangilia sisi. Mpira ulikuwa pale kwenye vumbi, nikauokota, nikampa mikononi. Aliugeuza, akaupima kama apimavyo tikiti sokoni, akaujaribu kwa ncha za vidole bila mtu kumwonyesha. Machozi yakaanza kumtiririka.

"Kumbe ni mwepesi hivi," akasema.

Fardosa, nimemwahidi mama yako, na sasa nakuahidi wewe: muhula ukifungwa nitapanda lori niende kwenu. Nitamtekea maji, nitakaa naye, na nitamweleza mchezo hadi auone, niweke mawe mchangani yawe wachezaji, nimwonyeshe ulisimama wapi na ulisikia nini. Nitamwambia kila bao langu lilianzia wapi. Hatauliza tena walikuwa wakimshangilia nani.

Lala salama, abaayo. Allah akukutanishe na wema.

Dada yako,
Hodan