Nyuzinyuzi za Migomba

Jumanne, 9 Septemba 2025

Binti yangu Adongo amekuja kutoka chuoni na chupa ya kioo. Ndani mna kitu cheupe, kizito, kama uji uliopoa. Ni migomba! Vile vigogo vinavyoachwa kuoza shambani. Huvichemsha kwa kostiki soda, huving'arisha, kisha husaga na kusaga hadi nyuzi zisionekane kwa macho. Zitakuwa karatasi ngumu ya kufungia samaki badala ya plastiki. Wiki ijayo atawaonyesha wakulima. Anataka lebo ya Kiswahili.

"Andika tu nanofiber, Baba. Wataget."

Wataget! Binti wa mwalimu wa sarufi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekataa "nanofiber". Nimekataa pia "uzi ndogo" — uzi ni mdogo, nyuzi ndizo ndogo. Nimeandika kwa herufi kubwa: NYUZINYUZI ZA MIGOMBA. Adongo ameibandika lebo na kuiweka chupa kwenye friji yetu. Mke wangu, Selpha, amenung'unika bila kuuliza ni nini: friji ni ya samaki, si ya machupa.

Ijumaa, 12 Septemba

Selpha amerudi kutoka kliniki ya sukari. Muuguzi mmoja kijana amemwambia apunguze ugali, ale nyuzinyuzi kwa wingi. Nimefurahi. Hatimaye kijana anayetumia neno sanifu!

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika kwenye benchi ya hospitali.

Asubuhi nilimkuta Selpha jikoni, bakuli mkononi, chupa tupu.

"Haina ladha, Baba Adongo. Nimejikaza tu."

"Umekula nini?"

"Si wewe mwenyewe uliandika? Nyuzinyuzi!"

Nikampigia Adongo. Alipiga kelele: Baba, nimetia dawa ya kuzuia ukungu, ni sumu, mpeleke sasa hivi, nakuja! Simu ikakatika. Tangu hapo haipatikani.

Kwenye dirisha la mapokezi tumemkuta muuguzi yule yule wa kliniki. Mama amekula nini? Nikajibu kwa sauti ya darasani: nyuzinyuzi za migomba.

"Vizuri sana, Mzee! Aendelee hivyo hivyo."

Nikasema zimetiwa dawa ya ukungu. Dawa gani? Sijui jina. Akacheka: hata ndizi za sokoni hutiwa dawa, Mzee, keti tu, mtaitwa.

Selpha naye alicheka. Sasa hacheki. Ameshika tumbo.

Narudi dirishani. Nitasema sumu, nitasema nanofiber. Nitasema chochote atakachoelewa muuguzi.