Mpagazi wa Sanduku la Vitabu

Kinoru, Meru
Agosti 1999

Kwa kaka mpendwa Kithaka,

Pokea salamu zangu na za watoto. Natumaini wewe na wifi Igoki hamjambo huko Nakuru, na kwamba kile kifua kimekuachilia. Sisi tu wazima. Nyumbani Ishiara ndiko mambo si mazuri, na ndiyo sababu nimekaa kukuandikia.

Unajua maktaba ya shule yetu ni rafu moja tu. Karwirwa, mwalimu mwenzangu, aliniambia kuna ofisi ya kompyuta mjini iliyounganishwa na mtandao, na kwamba humo mtu hupata vitabu vya zamani bure, kwa kuwa waandishi walikufa kitambo na hakimiliki imekwisha. Sikumwamini, lakini tulikwenda. Laini ya simu ilikatika tukiwa katikati ya kupakua, tukaanza upya, ikakatika tena. Hata hivyo nilitoka na vitabu kadhaa kwenye disketi.

Kimoja kiliandikwa na afisa Mzungu aliyepigana Tanganyika katika vile vita vya kwanza vya dunia. Nilikichukua kwa ajili ya somo la historia. Nikisoma, nikakutana na mpagazi aliyetoka chini ya kilima cha Kiang'ombe, asiye na kidole gumba cha kushoto, jina lake Nthiga.

Ndiyo, kaka. Ni babu. Yule tuliyeambiwa alipata mwanamke huko akatusahau.

Hakupata mwanamke. Alishikwa na homa akashindwa kutembea. Afisa anaeleza bila haya kwamba babu alikuwa akibeba sanduku la vitabu vyake, naye afisa akampa mtu mwingine sanduku hilo, na babu akaachwa kando ya njia akiwa bado anapumua. Baada ya hapo anasimulia alivyowinda swala. Wapagazi wenzake babu waliorudi ndio walioleta habari za mwanamke. Labda waliona haya kusema kwamba walimpita.

Nilichapisha ukurasa huo nikaupeleka kwa baba, nikamsomea kwa Kimbeere, polepole. Akataka nirudie pale pa kupumua. Nikamuuliza kama nimekosea kumletea. Akasema, "Mama alikufa akimlaani. Na mimi nilikuwa nikiitikia."

Tangu siku hiyo anaonja chakula tu na kusukuma sahani.

Kaka, kuna jambo jingine ambalo hukuwahi kuambiwa. Wewe ndiwe kifungua mimba, na kwa desturi yetu ulipaswa kuitwa Nthiga. Nyanya alikataza jina hilo lisitajwe bomani, ukapewa la babu mzaa mama. Baba anasema hakubisha. Anasema alifurahi.

Anataka uje nyumbani. Kila akitaka kunituma nikuite, anafika kwenye jina lako ananyamaza.

Nisalimie wifi na wote wa huko. Mungu awalinde hadi tuonane.

Mimi dada yako,
Lenah