Yaya Odette Alibatizwa Gizani

Lubumbashi, Jumapili, mwezi wa kumi. Joto limetukaba tangu asubuhi. Mvua ilituonyesha wingu moja upande wa Kipushi, ikaondoka nalo. Nina vumbi jekundu hadi kwenye meno, lakini kinyaa nilichorudi nacho kutoka kanisani hakitokani na vumbi.

Ndiyo, kanisani. Mimi. Wanaosoma blogu hii wanajua kwamba sijawahi kuwapaka wachungaji wa jiji hili mafuta kwa mgongo wa chupa. Huingia kanisani kwa harusi na kwa matanga. Leo niliingia kwa sababu dada yangu mkubwa, Yaya Odette, alikuwa anabatizwa.

Yaya ana miaka hamsini na tisa. Anauza samaki wakavu wa Kasenga, na huko Kasenga ndiko mto Luapula ulikommeza mume wake, mtumbwi ulipopinduka. Tangu mwaka ule hajaingia majini. Hata kuoga, anaoga kwa kikombe, kidogo kidogo, na uso anaufuta kwa kitambaa. Amefuata mafundisho ya ubatizo miaka miwili. Mara mbili jina lake lilisomwa, mara mbili akafika ukingoni mwa birika la ubatizo na kurudi kuketi. Mimi nilimtania. Nilimwambia ni maji tu, Mungu hahesabu ndoo.

Leo aliingia.

Madirisha ya kanisa lile yamefunikwa kwa mapazia meusi mazito ili skrini zing'ae, hivyo saa nne asubuhi mle ndani huoni mkono wako bila taa. Birika liko jukwaani, lina vigae vya bluu, na kamera tatu zinalitazama kwa ajili ya waumini wa Ulaya wanaofuata ibada mtandaoni. Yaya alishuka ngazi katika kanzu nyeupe, akitetemeka hadi pindo la kanzu. Mchungaji akamshika mgongoni, akamtaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, akamzamisha. Hapo hapo umeme ukakatika.

Spika zikanyamaza. Katika kimya kile nikasikia maji yakifunguka, nikamsikia dada yangu akivuta pumzi, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wetu: "Nimetoka. Yesu, nimetoka."

Malaika ya mkono yalinisimama. Nakiri hivyo mimi niliyesoma vitabu hadi macho yakaharibika.

Baadaye kidogo jenereta ikawaka. Mtu wa kamera akatikisa kichwa, na mchungaji akacheka kwenye maikrofoni.

"Mama Odette, tutarudilia kidogo. Bandugu ba Ulaya habakuona kitu."

Yaya alikuwa amefika ngazi ya juu, kanzu imemganda mwilini. "Pasta, juu ya nini? Nilisha kuingia."

"Tunajua, Mama. Ni ya picha tu. Mara moya."

"Na Mungu? Naye alikuwa anangojea courant irudi?"

Safu za nyuma zikaangua kicheko. Mama mmoja akapaza sauti: "We Mama Kasenga, rudi mu maji, joto iko inatuchoma hapa!" Watu wakacheka zaidi. Yaya hakucheka. Alijifunga taulo, akateremka jukwaani, akaja kuketi kando yangu na kunidondoshea maji kwenye viatu.

Nilidhani yameishia hapo. Wakamwita msichana wa kwaya mwenye umbo kama lake, wakamvika kanzu nyingine, wakampanga mgongo kwa kamera. Mchungaji akayatamka tena majina yale matatu, kwa sauti nzuri kuliko mara ya kwanza, na akalitaja jina la dada yangu juu ya kichwa cha mtu mwingine. Kwenye skrini kukaandikwa kwamba Odette amezaliwa upya. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Watu wale wale waliokuwa gizani wakati wa tendo la kweli walilishangilia la uongo.

Miaka yote nimeandika kwamba ibada ni ishara tupu. Leo nimeziona mbili, moja baada ya nyingine, katika birika moja, kwa maneno yale yale, na ni moja tu iliyokuwa tupu. Msichana yule alilowa kama Yaya alivyolowa. Lakini hakuwa ameleta chochote majini. Yaya alileta mtumbwi uliopinduka na miaka yote ya kuoga kwa kikombe, akaviingiza vyote chini, mbele za Mungu, bila kujua kama atatoka. Anayechukua tendo kama hilo na kulipigisha mazoezi kama dansi ya harusi amenajisi kitu ambacho hata mimi, nisiyeamini, ningekivulia kofia.

Na mimi je? Mwenye kalamu kali nilifanya nini?

Niliinamisha kichwa. Mikono yangu ilipiga makofi mawili na wengine kabla sijaikamata.

Mchana tulikuwa nyumbani kwake, tunakula bukari, ugali wetu, na mboga za lengalenga, simu yake ikilia kila mara. Jamaa walikuwa wamepata video na walimpongeza kwa ule mgongo. Akaifunika simu kwa sahani.

"Mudogo, weye mwenye kusomaka bitabu. Ile ya mu giza njo ya kweli?"

"Njo ya kweli, Yaya."

"Sasa nani aliniona? Bantu bote banaona ule wa kwaya."

"Miye nilikusikia."

Akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza leo. "Weye hata hauamini!" Kisha kicheko kikamwisha. "Haizuru. Siku ya matanga yangu utasimama, utasema. Usiache baonyeshe mugongo ya ule mutoto."

Nilimwahidi. Tangu hapo sina raha, kwa sababu ahadi ya kungojea matanga ni ahadi ya mwoga.

Jumapili ijayo nitarudi kwenye ukumbi ule, na msichana wa kwaya akiwepo, na mchungaji akiwepo. Nitasimama bila kuitwa, niseme kwamba Odette alibatizwa mara moja, gizani, na kwamba mimi ni shahidi wake. Watacheka. Wataniuliza mpagani anashuhudia nini.

Nitasimama hivyo hivyo.