Mkono wa Otto Kwenye Picha

Ruhuwiko,
Songea.
9 Juni, 2002

Mpendwa dada Getruda,

Kabla hujasoma mbele, nakuomba ufunge mlango. Neno lolote la humu usimwambie mtu, hata shemeji, na ukimaliza uichome barua hii jikoni. Sina mwingine wa kumwandikia.

Shikamoo dada. Kifua cha mtoto kimepona? Huku baridi imeingia kweli. Mama ameshalitoa lile blanketi ulilomletea na kila jirani ameonyeshwa. Mimi mwili ni mzima, usingizi ndio sina.

Otto amefariki. Ni Otto huyu huyu niliyekuwa nakaa naye meza moja pale masjala. Malaria ilimpanda kichwani, na tulipofanikiwa kupata gari la kumfikisha hospitali alikuwa hamtambui mtu tena. Tulimzika mwezi uliopita. Mpaka leo nikisikia mlango wa ofisi nainua kichwa.

Unaikumbuka picha niliyokutumia baada ya Pasaka, ile ya chakula cha Kijapani? Mwalimu Keiko, yule Mjapani wa shule ya hapa, alikuwa anakaribia kurudi kwao, akasema lazima atupikie. Mchele ulikuwa wetu, na yale majani meusi ya baharini aliletewa kwa posta. Samaki hakutaka wa sokoni, hivyo Otto alikwenda mwenyewe Mbamba Bay kumtafuta mbasa. Tulidhani tutalishwa mbichi. Mwalimu alicheka, akamchoma kwanza. Tukajifunza kuviringisha wali, wa Oliva, mwenzetu wa ofisini, ukafumuka wote, na Otto akasema, "Jamani, huu si wali umefungwa kwenye karatasi ya kaboni? Kesho nitatoa nakala mbili." Hapo ndipo nikapiga picha. Kila mtu anacheka, na Otto yuko mwisho kabisa upande wa kulia, mkono wake begani kwa Oliva.

Shida ni ruhusa aliyoombea safari hiyo. Alimwambia bosi kwamba anakwenda Madaba kumzika shangazi yake Lukresia. Dada, shangazi Lukresia ni mzima na analima.

Picha ikapendwa. Shule ikataka moja ya kutundika ukumbini siku ya kumuaga Mwalimu, na bosi wetu alikuwa mgeni rasmi. Otto akanifuata huku anacheka. "Pankrasi, nitoe humo. Nifute kabisa, hata kivuli kisibaki. Bosi akiniona nakula samaki siku ya msiba, nimekwisha."

Nikamtoa. Unajua ofisi ilipata kompyuta na ile mashine ya kuingizia picha. Nilichukua pazia la nyuma yake nikalirudiarudia mpaka likamfunika, nikaongeza mwanga kidogo, na wali ukang'aa kuliko ulivyokuwa. Niliona nimefanya kazi safi. Nikahifadhi juu ya ile ya kwanza, maana Otto alisimama nyuma yangu akisisitiza isibaki. Picha niliyonakilia na negativu alichukua Mwalimu, akaondoka navyo. Nimemwandikia, sijajibiwa.

Siku ya mazishi hapakuwa na picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Otto hakupenda kupigwa, na mama yake, Mama Walburga, anayo ya Komunyo ya Kwanza tu. Msalaba ulibebwa peke yake. Shangazi Lukresia alikuja kwa miguu yake mwenyewe, akalia kuliko wote. Sikuweza kumtazama.

Kisha mtu akamwambia Mama Walburga kwamba mwanawe yumo kwenye picha ya ukumbini. Jumatano iliyopita alikwenda na baba mdogo wa Otto, mzee Kajetani, wakanipitia na mimi niwasindikize. Nilishindwa kukataa.

Mama Walburga alisogea akatafuta uso mmoja mmoja. Hakumwona. Nikafikiri yamekwisha. Ndipo akaweka kidole begani kwa Oliva, kwenye maua ya kitenge, akasema taratibu, "Huu ni mkono wa Otto. Kidole hiki alikatwa na panga akiwa mdogo, nilimfunga mimi."

Dada, mkono ulikuwa pale. Vidole vinne, bila mtu. Nilipokuwa nafuta nilidhani ni ua la kitenge.

"Mwenyewe yuko wapi?" mama aliuliza. Mzee Kajetani alitazama tarehe iliyoandikwa chini ya picha, kisha akanigeukia. "Hii imetundikwa Otto akiwa hai. Aliyemtoa alijua nini?"

Oliva anajua ni nani anayeshika kompyuta, na siku hizi akinisalimu anaangalia chini. Mzee amesema baada ya misa ya arobaini, Jumamosi ya tarehe 22, ukoo utakaa na kila aliyekula chakula kile atasema analojua. Nikieleza kwamba Otto aliniomba, nitaeleza na sababu. Watasema alimzika shangazi mzima kwa mdomo, na Otto hayupo kujibu. Nisipoeleza, watasema mimi ndiye niliyemwondoa kabla ya siku yake.

Nimeamua hivi. Mama Walburga nitamweleza yote, tukiwa wawili tu, na nitamkabidhi mwanawe mzima. Hapa nchini picha yenye Otto imebaki moja, nayo ni hiyo uliyonayo wewe. Naiomba, dada.

Nisalimie shemeji Leo na watoto. Mama anauliza kama utakuja wakati wa mavuno. Mungu awalinde nyote, na amlaze Otto mahali pema.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Pankrasi

N.B. Usitumie sanduku la ofisi, barua zinapita mikono mingi. Mpe kondakta wa basi la Songea, aifikishe kwa Zena mwenye kibanda cha simu pale stendi. Mimi napita kwake kila jioni nikitoka kazini. Ukimpigia, usitaje picha, mwambie tu kwamba mzigo wangu umepanda gari. Iweke kati ya kadibodi mbili uzifunge kwa uzi, na tafadhali usiikunje. Otto yuko pembeni kabisa, mkunjo utampitia usoni.