Punje Zilizo Chini ya Ngozi ya Sijaona

Mpendwa Mshauri,

Salamu nyingi, na nakuomba sana jina langu lisitoke, maana shida hii nikiisema hapa Mnyambe nimekwisha. Mimi ni fundi wa kuumika. Mtu akiumwa na ndugu zake wakasema amepandikizwa kitu mwilini huniita, nami humchanja kidogo, naweka pembe, nanyonya, kisha natema kitu kwenye ungo watu wakione, mfupa au nywele au jino la panya, na nitakuambia ukweli, Mshauri, kitu hicho huwa nimekuja nacho shavuni, ndivyo alivyonifunza baba na ndivyo alivyofunzwa yeye, na wagonjwa wengi huinuka wakala ugali, kwa hiyo sikuwahi kukosa usingizi.

Sasa nimeukosa. Kuna mama mmoja hapa, nimwite Sijaona, mumewe yuko Nachingwea kwenye mashamba ya karanga, naye mwaka juzi aliugua ugonjwa usioeleweka, viganja na ufizi vikamgeuka vyeusi, akakonda, akawa anaanguka na mtungi akipanda kutoka bondeni, na chumvi alikuwa akiilamba kama mbuzi. Hospitali walimchoma sindano kila siku, akikosa siku moja anazidiwa, na kutoka hapa hadi huko si mwendo wa mgonjwa, ndipo daktari akampasua kidogo mgongoni, chini ya bega, akamtia punje za dawa, akashona, akamwambia zitayeyuka polepole kwa miezi mingi na zikiisha aende atiwe nyingine. Tangu hapo analima, anachota maji, hata kwenye unyago wa binti yake alicheza.

Lakini juzi alipata homa, mama yake akawa anamkanda mgongo, mkono ukakutana na vitu vigumu, akamwita mjomba wake Sijaona, Mzee Bwanali, na kwetu sisi mjomba ndiye mwenye neno. Yeye akasema Wazungu wamempandikiza kitu cha kumnyonya nguvu, niitwe nikitoe. Nikaenda, nikapapasa. Mshauri, vilikuwemo kweli. Miaka yote hii natoa vitu, na sikuwahi kugusa kitu.

Mama yake alipotoka nje, Sijaona akaninong'oneza habari yote hiyo niliyokueleza, akamaliza, "Fundi, ukizitoa hizi umenizika." Nikatoka nikamwambia Mzee Bwanali sina dawa ya kazi hiyo kwa sasa. Akajibu, "Itafute. Korosho zikiisha uje, na ukimaliza nitapitisha mkono wangu mwenyewe mgongoni mwake." Basi ule ujanja wangu wa shavuni hautafaa. Nikikataa atasema nimekula njama na waliompandikiza na jina langu litaoza, nikikubali nimeua mtu, na usiku nalala na ile sauti ya Sijaona sikioni. Nafikiri niende Masasi kwa dada yangu nikae mpaka mambo yapoe. Nifanyeje?

Fundi wa Pembe, Mnyambe

JIBU

Fundi,

Barua yako imekawia njiani na jibu langu litakawia zaidi, kwa hiyo sitakubembeleza.

Pole. Kazi uliyorithi imekugeuka, na si jambo dogo. Lakini unalilia jina lako, na atakayekufa ni mwingine.

Nimemuuliza daktari hapa mjini. Anasema juu ya figo kuna vitezi vidogo vinavyoutengenezea mwili dawa yake wenyewe, na vikiharibika mtu hawezi kushika chumvi wala maji mwilini. Punje zile zinafanya kazi hiyo badala yake. Zikitolewa, ugonjwa ule ule utarudi, na hatadumu. Tena hiyo homa haikuwa ya kukandwa mgongo, kwani mgonjwa wa aina hii hata homa ndogo humwangusha, alipaswa kupelekwa hospitali siku ile ile.

Uende Masasi? Thubutu. Ukiondoka, Mzee Bwanali ataita fundi mwingine, na huyo atakuja na wembe wake bila kuniandikia mimi.

Nenda kwake. Mpe shikamoo yake, kaa chini, mama yake Sijaona naye awepo, useme: "Mzee, nimezigusa. Si uchawi, ni dawa ya uhai wake. Mimi sizitoi, na fundi mwingine asizitoe." Daktari akisema hayo hatasikilizwa. Wewe utasikilizwa, kwa sababu ya hiyo mifupa uliyokuwa ukiitema. Jina ulilolipata kwa uongo litumie kwa ukweli, hata likifia hapo hapo. Akikuuliza umejuaje kuwa hizi si za wachawi, mwambie vile vya wachawi hutoka wapi. Ndiyo, mwambie hata la shavuni. Kisha mtu apande lori aende Nachingwea amwite mumewe, na Sijaona arudi kwa daktari wake kabla punje hazijaisha.

Lakini kama gazeti hili limekufikia korosho zimekwisha na punje umeshazitoa, usikae kulisoma. Mlazeni Sijaona kwenye machila, mpelekeni hospitali leo, wewe ushike mbele. Njiani mpeni maji yenye chumvi, kidogo kidogo. Na akikuuliza kwa nini ulikaa kimya siku zote hizo, usimwambie ulikuwa unangoja jibu gazetini.